Tuba Moja ya Jumapili

Mzinga hakuichagua tuba. Alikuwa kijana wa manispaa, kazi yake kufagia majani kwenye bustani kubwa ya katikati ya mji. Siku moja mkuu wa bendi alimwona akiinua toroli lililojaa majani mabichi na kulivusha juu ya tuta la maua bila kuvunja hata ua moja, akamwita. Mpigaji wake wa tuba alikuwa ameshikwa na mgongo, na tuba yenyewe, lile dude la shaba linalomzunguka mtu kama chatu aliyeshiba, ilikuwa imelala stoo tangu mvua zianze.

"Unajua muziki?"

"Sijui, mzee."

"Si kitu. Unaweza kuibeba hii mpaka kwenye kibanda cha muziki?"

Akaibeba mpaka kibandani na kurudi nayo, kwa kuwa hakuambiwa aiache.

"Basi lililo gumu umeshaliweza," mkuu wa bendi akasema. "Kupuliza utafundishwa."

Jina la Mzinga alipewa wiki hiyohiyo, maana mdomo wa tuba ukielekezwa mlangoni ulionekana kama unataka kulipua mtu. Mwenyewe alikuwa mpole, wa maneno ya kuhesabika, mtu wa kubisha hodi hata kwenye chumba chake mwenyewe.

Bustani ilikuwa na historia ambayo wenye mji walipenda kuisimulia kuanzia katikati. Mwanzo wake lilikuwa shimo. Nyumba nyingi za zamani mjini zilijengwa kwa matofali ya udongo uliochimbwa pale, na udongo ulipokwisha watu wakaanza kulijaza shimo kwa takataka zao, mpaka likafukika likawa kilima. Meya mmoja, ambaye dirisha la ofisi yake lilitazama upande huo, akaamuru paletwe udongo juu na ipandwe miti. Miti ikastawi kuliko mtu yeyote alivyotegemea, na kwa adabu hakuna aliyeuliza imekula nini. Baadaye ukaja uzio wa chuma, geti lenye simba wawili, mmoja ana sura ya simba na mwingine ana sura ya mbwa aliyefokewa, njia za kokoto, na kibanda cha muziki cha nguzo nane chenye paa la bati. Likaja pia bango la "USIKANYAGE NYASI", ambalo watoto wengi wa mji ule walijifunzia kusoma wakiwa wamesimama juu ya nyasi.

Alfajiri bustani ilikuwa ya watu wenye presha, waliotumwa na madaktari kutembea haraka na ambao walitembea polepole wakipiga soga. Mchana walikuja makarani kulala kwenye mabenchi na viatu vyao kifuani. Jioni ikawa ya wanafunzi, wachumba na wacheza drafti. Na kila Jumapili alasiri ilikuwa ya bendi.

Enzi za ujana wa Mzinga bendi ilijaza kibanda hadi mpiga matoazi ikabidi asimame kwenye ngazi. Watu walikuja kusikiliza matarumbeta na klarineti. Hakuna hata mmoja aliyekuja kusikiliza tuba. Tuba kazi yake ilikuwa kukaa chini ya wimbo na kusema bum, bum, bum, ili walio juu wajue sakafu iko wapi. Mzinga hakuwa na neno. Aliipenda kazi ile jinsi mtu anavyopenda kiti chake cha kila siku, bila kulitangaza jambo hilo.

Alioa mshonaji, mwanamke mrefu wa macho makali, aliyeweka cherehani yake sebuleni karibu na dirisha. Wiki za mwanzo za ndoa mke alitaka kwenda bustanini kumwona mumewe akipiga.

"Ukikaa mbele yangu nitapotea hesabu," Mzinga alimwambia.

Alikuwa anamsifu. Mke alilisikia kama katazo, akasema haya, na hakukanyaga bustani siku za bendi miaka yote iliyofuata. Isitoshe, Jumapili ndiyo siku ya kumalizia nguo ambazo wateja wanazifuata Jumatatu. Mzinga naye aliona mke hana hamu na muziki, akaheshimu. Wakalea watoto, wakawaoza, na lile neno moja likaendelea kukaa kati yao kimyakimya kama kabati ambalo hakuna anayekumbuka nani aliliweka pale.

Kisha akatokea tajiri mmoja aliyetaka bustani ing'olewe pajengwe maegesho ya magari. Mji ukawaka moto. Watu wa presha waliandamana, polepole. Idara ya mambo ya kale ikamtuma afisa wake, mwanamke wa makamo mwenye kofia pana, akapima uzio, akawapiga picha simba wote wawili, akauliza umri wa miti, na Jumapili akakaa benchi la mbele kusikiliza bendi. Walikuwa wamebaki wanne: tarumbeta, klarineti, ngoma na tuba. Mguu wa afisa ulionekana ukigonga kokoto.

Tangazo lilipotoka, bustani ilikuwa imeingizwa kwenye urithi wa taifa: uzio, geti, simba, miti, njia, kibanda, "pamoja na muziki wa bendi wa Jumapili alasiri upigwao humo". Hakuna kimoja kati ya hivyo ambacho kingeweza kuondolewa, kubadilishwa wala kukomeshwa. Tajiri akapeleka maegesho yake kwingine. Wanabendi wakapongezana kwa chai.

Lakini ulinzi wa taifa haukuwafikia wapigaji wenyewe. Mpiga klarineti alifuatwa na binti yake akahamia mji mwingine kulea wajukuu. Mpiga ngoma alikutwa asubuhi amekaa kitini, amekula vizuri jana yake, amekufa. Walimzika kwa muziki, tarumbeta na tuba tu, na kwa kuwa ngoma ilikuwa ya marehemu, waombolezaji walitembea kila mtu na hatua yake.

Akabaki Mzinga na rafiki yake mpiga tarumbeta, aliyeitwa Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Wawili hao wakaenda hivyo, mmoja juu mmoja chini, mpaka meno ya mbele ya Chiriku yalipoanza kulegea. Tarumbeta bila meno haliendi. Akatengenezewa ya bandia, akarudi kibandani kifua mbele, na katikati ya wimbo wa treni, pale penye sauti ya juu kabisa ya kupanda mlima, meno yakatoka yakaingia kwenye tarumbeta. Hadhira ilidhani ni sehemu ya wimbo, ikapiga makofi. Chiriku akasimama, akainama kushukuru mdomo umefumbwa, akashuka ngazi na hakupanda tena.

Jumatatu Mzinga alikwenda ofisini kwa mkuu wa bustani, mtu mwembamba aliyezungukwa na miche ya waridi kwenye makopo.

"Mkuu, nimekuja kuaga. Bendi imekwisha."

"Haiwezi kwisha, Mzee Mzinga. Imelindwa."

"Chiriku hana meno."

"Pole yake. Ila meno hayakutajwa. Kilichotajwa ni bendi."

"Mimi ni mmoja, mkuu. Mtu mmoja si bendi."

Mkuu wa bustani akalitafakari hilo huku akichambua jani lenye madoa. "Ajira zimesimamishwa," akasema. "Nikiomba watu, nitaambiwa ningoje. Nikiacha Jumapili ipite bila muziki, nimekiuka ulinzi wa urithi wa taifa, na mimi nina watoto wanasoma. Mti ukikatika matawi yote, likabaki shina, bado ni mti. Tunaumwagilia."

"Kwa hiyo mimi ni shina."

"Wewe ndiye bendi, mzee wangu. Mpaka tutakapopata wengine."

Mzinga akaondoka shingo upande. Nyumbani hakusema kitu. Aliona haya kumwambia mkewe kwamba baada ya miaka yote ya kukaa chini ya nyimbo za watu, sasa atakaa chini ya kitu ambacho hakipo.

Jumapili ya kwanza aliketi peke yake kwenye kibanda cha nguzo nane, akalamba midomo, akaanza. Bum, bum. Bum, bum. Watu waliokaa wakangoja. Walipongoja sana, mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akamuuliza jirani yake, "Huyu atamaliza lini kujaribu chombo?"

"Labda wenzake wamechelewa," jirani akasema.

Mzinga akamaliza wimbo wa kwanza, ambao ulikuwa waltz ya maarusi, ile dansi ya mizunguko ya harusini. Hakuna aliyepiga makofi kwa sababu hakuna aliyejua kama umekwisha. Akaanza wa pili. Mzee mmoja wa drafti akaja mpaka kwenye ngazi, akavua kofia.

"Samahani bwana. Hicho kitu kimeharibika?"

"Hakijaharibika."

"Ahsante," mzee akasema, akarudi kuwapa wenzake taarifa.

Jumapili zilizofuata watu wakapungua. Vijana waligundua kwamba mpigo wa tuba unafaa kwa kuruka kamba. Mpita njia mmoja alimuuliza kama anaita meli. Chiriku peke yake hakukosa. Alikaa benchi la mbele, kimya, jambo ambalo halikuwahi kuonekana, na vidole vyake vitatu vikawa vinabonyeza goti lake kila tarumbeta lilipostahili kuingia. Mzinga alijizuia asimtazame. Alijikaza kisabuni, akapiga kila pigo lake, akapumzika kila penye pumziko, na penye sehemu ya tarumbeta peke yake alikaa kimya kama ilivyoandikwa, akihesabu, huku upepo ukivuma kibandani na watu wakimtazama mzee aliyekaa na tuba asiyepiga chochote.

Usiku alikuwa anajigeuza kitandani. Mke akauliza kama ni tumbo. Akasema ni tumbo. Akapewa dawa ya tumbo, akainywa.

Habari ilimfikia mke kupitia kwa mteja aliyekuja kupunguziwa kiuno cha sketi.

"Mama, nimemwona mzee bustanini Jumapili," mteja akasema akiwa amesimama juu ya kigoda. "Masikini. Anapuliza lile lipipa peke yake, watu wanacheka. Mnamwachiaje?"

Mke alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye sketi, nyingine zikamgusa mteja.

"Peke yake vipi?"

"Peke yake peke yake. Wenzie wote hawapo."

Jumapili iliyofuata Mzinga alipobeba tuba yake akaaga, mke aliitikia bila kuinua kichwa kwenye cherehani. Alipohakikisha amefika mbali, akafunika cherehani, akavaa viatu vyake vya kutokea, akaenda. Aliwatazama simba wa geti mara moja, akawapita. Alikuta mabenchi yana watu wachache, wengi wao wamekaa kwa sababu ya kivuli. Akamwona Chiriku, akaketi kando yake.

"Shemeji!" Chiriku akasema kwa mdomo wa pengo. "Leo jua limechomoza wapi?"

"Nyamaza, shemeji. Nasikiliza."

Kibandani, Mzinga alimwona. Akapotea hesabu palepale, kama alivyotabiri ujanani. Akasimamisha wimbo, akajifanya anamwaga mate kwenye tuba, akaanza upya. Nyuma, vijana wawili wakaanza kuangua vicheko.

"Wimbo gani huo, jamani? Ng'ombe kapotea?"

Mke akageuka. Alikuwa amewahi kuwakata wateja wabishi kwa jicho hilohilo.

"Huo ni wimbo wa treni," akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye drafti. "Hapo inatoka stesheni. Subirini, sasa hivi inapanda mlima. Haya! Si mnasikia inavyochoka?"

Vijana wakanyamaza. Mzee wa drafti akainua kichwa. "Ule wa treni? Ule tuliokuwa tukiusikia utotoni?"

"Ndio huo."

"Umeujuaje, mama?"

"Nimeolewa nao," mke akasema.

Maana mazoezi yote Mzinga aliyafanyia nyumbani, jioni za kati ya wiki, chumbani, mlango wazi, na mke akiwa sebuleni anakanyaga cherehani. Kabla ya kuanza alikuwa na desturi ya kutaja jina la wimbo, kwa adabu, kama mtu anayetambulisha mgeni. Hivyo mke aliujua kila wimbo wa bendi ile toka chini. Kwenye mji mzima hapakuwa na mwingine aliyeweza kuutambua wimbo kwa tuba pekee, kwa sababu mwingine yeyote alikuwa ameharibiwa na matarumbeta.

Chiriku alikuwa ameinama, vidole vikikimbia gotini. Mlima ulipofika kileleni, pale meno yalipomtoka, hakustahimili. Akafumba mdomo akaanza kuguna sauti ya tarumbeta kwa pua, nyembamba kama ya nyuki. Mzee wa drafti akaipokea kwa mluzi. Mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa amewahi kuimbiwa wimbo ule na baba yake, akaudaka katikati. Hazikupita dakika nyingi mabenchi yote yalikuwa yanaguna, kila mtu na alichokumbuka, wengine wakiwa wameshafika bondeni wakati wengine bado wanapanda, na chini yao wote tuba ikawa inakwenda bum, bum, bila haraka, ikiwangoja waliobaki nyuma.

Mke peke yake hakuimba. Alikaa wima, mkoba mapajani, anageuza kichwa huku na huku.

"Kumbe juu kuna vitu vyote hivi?" alimnong'oneza Chiriku.

"Shemeji, hukuwahi kusikia?"

"Nitasikia wapi?"

Wimbo ulipokwisha watu walipiga makofi. Mzinga, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kupigiwa makofi yeye mwenyewe, alitazama nyuma kuona nani ameingia. Mke akasimama, akaweka mkoba begani.

"Unaofuata?" akamuuliza mumewe, mbele ya watu.

"Waltz ya maarusi," Mzinga akasema.

Mke akawageukia watu. "Waltz ya maarusi. Mwenye kuujua asijifiche."

Walirudi nyumbani pamoja kwa miguu, tuba katikati yao.

"Ulinificha," mke akasema.

"Niliona haya."

"Na ulinikataza nisije."

Mzinga akasimama. Akaishusha tuba chini kwenye kokoto, jambo ambalo alikuwa halifanyi. "Nilikukataza mimi? Lini?"

"Ulisema nikikaa mbele yako utapotea hesabu."

"Sasa mama watoto, si kwa sababu ulikuwa mzuri!"

Mke akamtazama kwa muda mrefu kama anayepima bega la koti. "Basi ungesema hivyo," akasema. "Mtu anasema anachomaanisha. Sasa angalia, nimekaa ndani mpaka nimeota mvi."

"Leo pia nilipotea hesabu."

"Niliona. Inua tuba, watu wanapita."

Tangu hapo ikawa ndivyo. Kila Jumapili mke alisimama chini ya ngazi, akataja wimbo, akaeleza tuba ilipo na kinachokosekana, na watu wakajaza. Chiriku alijitwika sehemu ya tarumbeta kwa pua na hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Mabenchi yakajaa. Watu wa presha wakahamishia matembezi yao alasiri. Wale vijana wawili walirudi, mmoja ikaonekana ana sauti nzuri, jambo lililomkasirisha mwenzake. Yule afisa wa mambo ya kale naye alipita siku moja kukagua, kofia yake ileile, akakuta bustani nzima inaguna.

"Bendi iko wapi?" akamuuliza mkuu wa bustani.

Mkuu wa bustani akaonyesha kibandani, kisha akaonyesha mabenchi, kisha akarudi kuonyesha kibandani, kwa kuwa hakutaka kusema uongo wala kweli.

"Na yule mama ni nani?"

"Huyo ni mtangazaji."

"Ameajiriwa?"

"Ameolewa."

Afisa akakaa. Hakusema kama aliyoyaona yanaruhusiwa au hayaruhusiwi, ila aliporudi ofisini kwake alipiga simu kwa mtu anayepaswa kupigiwa, na ajira zilizokuwa zimesimamishwa zikasogea. Manispaa ikachukua wapigaji vijana kutoka chuo cha muziki: matarumbeta mawili, klarineti, na msichana mdogo wa umbo aliyepiga ngoma kama anaidai. Walimwamkia Mzinga kwa heshima, wakamwachia kiti cha katikati. Alipowasikia wakipasha vyombo alijisikia vizuri na vibaya kwa pamoja, akaona bora ajishughulishe kufuta tuba.

Siku ya kwanza ya bendi mpya, watu walifika kwa wingi, wakaimba kwa nusu saa kwa mazoea kabla hawajagundua kwamba sasa si lazima. Polepole wakaacha, wakasikiliza. Chiriku aliendelea mpaka mwisho. Mmoja wa wapiga tarumbeta, mwenye meno kamili, alishuka wakati wa mapumziko akamuuliza jinsi ya kuupanda ule mlima wa treni bila kukatika pumzi, na Chiriku akamweleza kwa muda mrefu sana hivi kwamba sehemu ya pili ilianza bila tarumbeta la pili.

"Unaonaje?" Mzinga alimuuliza mkewe usiku ule wakila.

"Wanajua kazi," mke akasema. Akatafuna, akafikiri. "Ila wanakufunika."

"Ndiyo kazi yangu, kufunikwa."

"Najua. Nimesema tu nilichoona."

Wale vijana walitaka kuongeza wimbo wao wenyewe, walioutunga chuoni. Mkuu wa bustani akaogopa kwamba ni kubadilisha urithi, akauliza idarani, idara ikakaa vikao, na mwishowe ikajibu kwamba kilicholindwa ni muziki, siyo nyimbo. Mzinga alijifunzia sehemu yake kibandani pamoja nao, si nyumbani, kwa kuwa msichana wa ngoma alikataa kuwa na mtu anayekuja na mwendo wake.

Jumapili ilipofika mke akasimama chini ya ngazi kama kawaida, akatangaza waltz, akatangaza treni. Kisha bendi ikaanza wimbo mpya bila kumwambia. Akainua mkono kutaja jina, akatega sikio kwa tuba. Mumewe alikuwa anapiga kitu chenye kona nyingi, kinachokwenda mahali asipopajua. Watu wote wakamtazama wakingoja.

"Huu siujui," mke akasema. "Sogeeni basi, nikae."

Wakampisha kwenye benchi la mbele, akaketi moja kwa moja mbele ya mumewe, mkoba mapajani, akaanza kusikiliza.